Kaka wa Tabata, usiuze nyumba kwa sababu ya viza ya matembezi

Usisaini. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma uzi wako wote humu jukwaani. Una miaka 59, mwakani unastaafu serikalini, binti yako yuko Leicester na anawaita mkapumzike kwake, mkeo ana presha, na unatuuliza kati ya Uingereza, Kanada na Kigali wapi pazuri pa kuzeekea, au ubaki zako Dar. Halafu mwishoni kabisa umedondosha mstari mmoja kama kitu kidogo: dalali ameshaleta mteja wa nyumba, Ijumaa mnaenda kwa mwanasheria. Wadau walionitangulia wamekujibu habari za baridi na bei ya vyakula, huo mstari hakuna aliyeugusa. Mimi umenikosesha usingizi. Na sisi tulikuwa na nyumba Tabata, upande wa Kimanga. Tuliuza kwa maneno hayo hayo unayoambiwa wewe, tukamfuata mtoto wetu Uingereza. Leo tumepanga Kinyerezi.

Kwetu aliyeanza kutupoteza ni wakala wa viza mwenye ofisi mjini, kijana mtanashati anayeongea kwa upole, anakuita mama kila sentensi. Alituambia tukipata viza ya miaka kumi tumemaliza kazi, mkifika mnabadilisha mkiwa ndani, mnapewa ukaazi kwa sababu mtoto yuko kule. Akachukua hela yake akatushika mkono. Sijui analala vipi usiku. Alikuwa anajua, kwa sababu ndiyo kazi yake, na masharti yameandikwa wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, yanasomwa bure.

Sikiliza masharti yenyewe. Viza ya matembezi ya Uingereza, hata ikiandikwa miaka 10, inakuruhusu kukaa miezi 6 kwa kila safari. Ile miaka 10 ni muda wa kuingia na kutoka. Ukirudi Dar wiki mbili ukapanda ndege tena, yule afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza unaishi wapi hasa, na akiona unaishi Uingereza kwa mgongo wa matembezi anaweza kukugeuza hapo hapo. Kubadilisha kutoka matembezi kwenda ukaazi ukiwa ndani ya nchi hawaruhusu. Sisi tulilijua hilo kwa mwanasheria wa kule, nyumba ikiwa imeshauzwa, masanduku yakiwa chumbani kwa mtoto.

Sasa utasema, lakini mzazi si anaweza kumfuata mtoto wake? Njia ipo, ila tangu Julai 2012 waliikaza kiasi kwamba mtu kama wewe hupiti. Maombi yanafanyika ukiwa nje ya Uingereza. Mtoto awe raia au ana ukaazi wa kudumu. Kama binti yako bado yuko kwenye viza ya kazi, hapo hapo imeisha. Na wewe mzazi uthibitishe kwamba kwa uzee, ugonjwa au ulemavu huwezi tena kujifanyia mambo ya kila siku, kuoga, kuvaa, kupika, na kwamba nchini kwako huduma hiyo haipatikani au hailipiki hata kwa hela anayotuma mtoto. Hebu fikiria. Una miaka 59, unaendesha gari, unapanda ngazi za ofisini. Na hata ungekuwa hujiwezi, Dar es Salaam dada wa kukusaidia nyumbani anapatikana, na mtoto aliye Leicester anashindwaje kumlipa? Watakujibu hivyo hivyo.

Hayo ya viza yangekuwa ya kuvumilika kama nyumba ingekuwepo. Mtu ananyimwa, anarudi kwake, anafungua madirisha, anafagia, maisha yanaendelea. Kilichotuumiza ni pale hela ya nyumba ilipoingia, kwa hiyo hapa sitafupisha.

Kwanza ilipungua kabla hatujaishika. Dalali akachukua chake, mwanasheria chake, TRA kodi ya ongezeko la mtaji asilimia 10. Iliyobaki tukaibadilisha kuwa pauni, na ukibadilisha shilingi kwa pauni unaona mwenyewe jinsi jasho la miaka thelathini linavyosinyaa kwenye karatasi moja ya benki. Halafu mtoto wetu alikuwa amepanga kaghorofa ka chumba kimoja. Tukakaa kikao cha familia kwa simu, tukakubaliana tumsaidie malipo ya mwanzo ya nyumba kubwa zaidi ili wazazi wapate chumba chao. Jambo la upendo kabisa, na simlaumu mtoto hata chembe.

Lakini benki ya kule ikitoa mkopo wa nyumba inauliza hela ya mwanzo imetoka wapi. Ikitoka kwa wazazi, inataka barua iliyosainiwa: hii ni zawadi, si mkopo, hatutaidai, na hatuna haki yoyote kwenye hiyo nyumba. Tukasaini. Yaani thamani ya nyumba yetu ya Tabata, tuliyoijenga tofali kwa tofali, tukahamia haina dari, tukaipaka rangi kwa mkopo wa SACCOS, iko ndani ya ukuta wa nyumba huko ambayo kisheria sisi ni wageni wake wa miezi sita. Kuitoa ni mpaka mtoto auze au akope upya, na yeye ana watoto wadogo na marejesho kila mwezi. Utamwambia nini?

Ikaja ya hospitali. Mzee wangu, yaani mume wangu, ana kisukari, na mwezi Desemba kule jua linazama kabla ya saa kumi jioni, anashinda ndani, hatembei, hana mtu wa kupiga naye stori. Sukari ikapanda akalazwa. Watu wa huku wanadhani Uingereza matibabu ni bure kwa kila mtu. Mgeni wa matembezi akilazwa analipishwa, na kiwango kilichowekwa ni asilimia 150 ya gharama. Bima ya safari aliyotukatia yule yule wakala haikugusa ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari. Tulilipa kwa hela iliyobaki ya nyumba, tena tukaharakisha, maana deni la hospitali likifika pauni 500 na kuachwa bila kulipwa wanapeleka taarifa uhamiaji, na viza inayofuata unaweza kunyimwa kwa hilo. Wewe umeandika mkeo ana presha. Kadi yenu ya bima ya afya ya NHIF inamtibu hapa, kuanzia zahanati mpaka Muhimbili. Leicester ile kadi ni plastiki tu.

Tuliporudi, mwenye nyumba wa kwanza tuliyemfuata alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wa pili mwaka mzima. Tulikwenda kuuliza bei Kimanga, mtaa wetu wenyewe. Hela tuliyobaki nayo haikutosha kununua hata nusu ya kile tulichouza. Aliyenunua kwetu ameweka fremu mbele, nne, zote zina wapangaji: duka la dawa, saluni, wakala wa pesa, na chipsi. Nikipita na daladala kwenda Buguruni naziona. Uwanja ule wa mbele mzee alikuwa akiuzungumzia miaka yote kwamba siku akistaafu atajenga fremu.

Sasa kuhusu mkeo. Uzi mzima umemtaja mara moja tu, kwenye presha. Yeye anasemaje? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo Ijumaa utamchukua naye asaini. Mimi nilichukuliwa hivyo. Kila kitu kilikuwa kimeshapangwa, bei imekubaliwa, mteja amekaa kwenye kiti, chai imeletwa, ndipo nikaulizwa kama nina pingamizi. Mwanamke gani ataweka pingamizi mbele ya watu wote wale? Kaka yangu, muulize leo usiku, mkiwa wawili, taa imezimwa, na umwambie kabisa kwamba akisema hapana hamtagombana. Shoga zake wako Tabata. Kikundi chake cha kufa na kuzikana kiko Tabata. Leicester binti yenu anatoka asubuhi anarudi jioni, na mama anabaki na televisheni.

Kuna mdau hapo juu amekushauri usiuze ila uandike nyumba jina la binti. Nia yake nzuri, lakini huo ni mtego mwingine. Muulize binti kwanza ana pasipoti gani. Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Akishachukua uraia wa Uingereza amepoteza wa kwetu, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia kumiliki ardhi kama raia. Hii hadhi maalumu ya diaspora inayozungumzwa, asome masharti yake mstari kwa mstari na mwanasheria kabla hujagusa hati.

Kanada uliyoulizia, kuna viza ya wazazi inayoruhusu kukaa hadi miaka 5 kwa kuingia mara moja. Ni afadhali kuliko Uingereza, ila nayo ni ugeni: mtoto au mjukuu lazima awe raia au mkaazi wa kudumu wa kule na afikie kipato walichoweka, na wewe uwe na bima binafsi ya afya isiyopungua dola 100,000 za Kanada. Mtoto wako mwenyewe yuko Uingereza, sasa Kanada unamfuata nani? Kigali panapendeza, pasafi, na Mtanzania anaingia bila shida. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki, iliyoanza 2010, haki ya ukaazi imeifungamanisha na kazi au biashara, na mambo ya ardhi kila nchi imebaki na sheria yake. Kustaafu tu hakujakufanya mkaazi.

Mimi nakwambia hivi, na nitalirudia hata mkinichoka humu: nyumba haiuzwi mpaka karatasi ya ukaazi wa kudumu iko mkononi, yenye jina lako na la mkeo, na mmeshakaa huko baridi moja nzima. Barua ya mwaliko ya mtoto haihesabiki. Risiti ya wakala haihesabiki. Viza ya miaka kumi haihesabiki. Dalali atakwambia mteja ataondoka. Aondoke. Nyumba ya Tabata yenye hati haijawahi kukosa mteja, na mteja anayekuharakisha mpaka Ijumaa anajua kitu kuhusu huo mtaa ambacho hujaambiwa.

Mnataka kwenda Leicester? Nendeni, tena mfurahi, mkawaone wajukuu. Kateni bima inayotaja presha ya mama kwa jina. Nyumba ipangisheni kwa mkataba wa maandishi. Hati iwekeni benki au kwa ndugu asiye na njaa, asiishike dalali hata kwa siku moja. Mnayemwachia usimamizi mwandikieni karatasi kwa mwanasheria inayosema anakusanya kodi na kufanya matengenezo, na inayosema wazi kwamba hana ruhusa ya kuuza wala kuweka rehani. Kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU, ila kodi ya pango la ardhi lipeni wenyewe kila mwaka isije ikawa sababu ya kuipoteza nyumba. Na mkupuo wako wa kustaafu kutoka PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hata ulivyopandishwa hadi asilimia 40 mwaka 2024 kwa ninyi mliotokea mifuko ya zamani iliyokuwa ikitoa mkupuo wa asilimia 50, usiuhesabu kama hela ya kuishi Ulaya. Pensheni ya kila mwezi inaingia kwa shilingi. Hapa Dar, ukiwa na paa lako na fremu mbili tatu mbele, inakulisha. Kule itaishia kwenye nauli ya basi.

Leo mpigie binti yako umuulize mambo mawili tu: yeye ana hadhi gani kule, na ninyi mtaingia kwa viza gani. Akikujibu ni matembezi, mpigie na dalali umwambie Ijumaa haipo. Kisha urudi hapa utuambie. Mambo ya kuhamisha malipo ya pensheni nje uliyouliza, wapo waliostaafu karibuni humu ndani, watakujibu.