Saa ya jambia kama ya marehemu baba: ninunue?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Maskati. Miaka ya sabini marehemu baba alitunukiwa saa ya Rolex yenye jambia, nembo ya Oman, usoni kwa utumishi wake. Alipougua tukaiuza kwa ajili ya matibabu, na mpaka leo roho inaniuma. Sasa dalali mmoja wa Dubai ana Rolex aina ya Datejust ya 1974 yenye jambia kama ile. Anataka rial 4,800, na arbuni ya rial 1,000 kabla ya Ijumaa. Pesa ninazo, ila ni za kuezekea nyumba yetu ya Fuoni, na mke wangu hajui. Ninunue? – Mtoto wa Mzee, Maskati

JIBU: Wa alaykumu salaam. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Arbuni usitoe, Ijumaa hii wala ijayo, mpaka saa uishike mwenyewe na kifuniko chake cha nyuma kifunguliwe mbele ya macho yako. Na kama dalali hajakijua bado kisa cha baba yako, usimsimulie. Akishajua unachokililia, bei haishuki tena.

Datejust ya chuma ya miaka hiyo, modeli 1601, si saa adimu. Ilitengenezwa kwa karibu miaka ishirini, na iliyo nzima hupatikana leo kwa takriban rial 1,600 hadi 2,000. Maana yake zaidi ya nusu ya pesa unazotakiwa kutoa ni za jambia peke yake. Na katika saa nzima hakuna kitu chepesi kughushi kama jambia, kwa sababu ni wino tu. Za kweli zipo: Sultan Qaboos, baada ya kushika utawala 1970, aliagiza Rolex zenye nembo hiyo za kutunuku watu, na nyingine zilipitia duka la Asprey la London. Lakini mhuni akipata 1601 ya kawaida huupiga uso wake chapa ya jambia, basi. Mashine halisi, kasha halisi, uso halisi, nembo ya uongo. Fundi saa wa mtaani akiifungua atakwambia ni orijino, naye hatakuwa amesema uongo.

Usitegemee pia kuandikia kiwanda. Kampuni kama Patek Philippe hutoa dondoo za kumbukumbu zake kwa saa za zamani, Rolex haitoi. Kinachobaki ni karatasi: risiti ya wakati ule, barua ya kutunukiwa, picha ya mwenyewe akiwa ameivaa, hati ya dhamana yenye namba inayolingana na ya kwenye kasha. Mwulize dalali anayo ipi kati ya hizo. Kama jawabu ni "nimeinunua kwa familia moja ya Oman", hiyo ni hadithi, na hadithi haina thamani ya rial 2,800. Nawe pekua makabati ya nyumbani kwenu. Mzee akiwa aliweka hati yake, namba iliyomo itakusaidia kuitafuta saa yake hasa, si iliyofanana nayo.

Ukienda Dubai, chukua fundi anayezijua Rolex za zamani, asiwe rafiki wa dalali, na lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Mwombe fundi auvue mkanda. Baina ya pembe zinazoshika mkanda, upande wa namba 12 huandikwa modeli na upande wa namba 6 namba ya saa. Kwa saa ya 1974 namba hiyo ina tarakimu 7 bila herufi, kwani herufi zilianza 1987. Mistari yake iwe imekatwa kwa makali na kung'aa kidogo, si vinukta vilivyochomwa kwa asidi. Ipeleke namba hiyo The Watch Register ya London, wanaotunza orodha ya saa zilizoibwa, kabla ya kulipa.

Kisha fungua kifundo cha pembeni na ukivute. Kina hatua moja tu, ya kutia majira, na akrabu ya sekunde lazima isimame. Tarehe hubadilika kwa kuzungusha akrabu mpaka zivuke saa sita ya usiku. Ukikuta hatua ya pili ya kubadili tarehe haraka, mashine hiyo si ya 1974. Mfumo huo uliingia kwenye Datejust 1977. Kifuniko kikifunguliwa, usishtuke kuona mashine imeandikwa 1570 badala ya 1575. Mashine za 1575 ndivyo zilivyopigwa chapa kiwandani.

Usoni ndiko ukae sana. Chini kabisa mara nyingi huwa pana T SWISS T, maana yake vialama vyake vya mwanga ni vya tritiamu. Nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila miaka 12 na ushei, kwa hiyo saa ya 1974 haina tena mwanga wa kusomea gizani. Ikiwaka kama taa, imepakwa upya, na uso uliopakwa upya ni uso ulioguswa. Hapo ilaze saa ubavu chini ya taa, ulitazame jambia kwa lenzi ukililinganisha na neno ROLEX: unene wa wino, kingo za mistari, rangi ilivyochakaa. Maandishi yakiwa yamepauka na jambia bado bichi, rudisha saa.

Mashine ya kupimia mwendo nayo iwekwe kwenye mapigo 19,800 kwa saa. Amplitudo, yaani upana wa bembea ya gurudumu la ndani, ikiwa chini ya digrii 220, saa inataka kufunguliwa yote, kusafishwa na kutiwa mafuta. Kwa hilo tenga rial 300 hata ukiambiwa imetengenezwa jana, na mwandikie fundi kwamba kasha lisipigwe polishi na uso usibadilishwe. Usitawadhe nayo. Jambo moja husahaulika: pete ya juu ya 1601 yenye meno ni dhahabu nyeupe ya karati 14. Kama wewe hujivalii dhahabu, tafuta modeli 1603, ambayo pete yake ni ya chuma.

Kuhusu mkeo, mwambie usiku huu. Ukimficha, saa hiyo utaivaa kwa kujibanza, nawe unaitaka uivae mbele ya watu kama alivyoivaa mzee. Mwonyeshe hesabu mbili: rial 4,800 inayokula paa lote, na rial 1,800 inayoacha mabati na mbao. Pengine atakubali ya pili, na mimi naiona ndiyo yenye akili.

Dalali mjibu hivi: bila karatasi, utalipa bei ya 1601 ya kawaida, jambia likiwepo au lisiwepo. Akiwa na karatasi, stakabadhi iandike kwamba uso na nembo ni vya kiwandani, na kwamba ndani ya siku 14 mtaalamu akikanusha, pesa zinarudi zote. Malipo yapitie benki, kwa jina la duka lenye leseni. Akikataa kuliandika hilo, hakuna la kuzungumza zaidi.