Mlango wa bibi Mji Mkongwe: rangi au mafuta?

Dada umeuliza mlango wa nakshi wa bibi yako hapo Mji Mkongwe uupige rangi ya mafuta au vanishi, mi nakuomba kabisa usipige rangi. Kama ni msaji (mti wa tiki) ile mbao yenyewe ndo uzuri wake, na rangi nzito inajaa kwenye nakshi mpaka yale maua na minyororo hayaonekani tena, inauma sana kuona. Vanishi nayo kwa jua la pale na chumvi ya bahari inabanduka vipande vipande. We safisha kwa brashi laini, acha ikauke vizuri, paka mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) kidogo kidogo kwa kitambaa, futa yanayobaki, rudia ikikauka. Vile vitambaa usivikunje ukavitupa kona maana vinaweza kushika moto vyenyewe, vitandaze nje.

Madirisha ndo upake rangi, praima kwanza, yaani ile rangi ya msingi. Ila ile rangi ya zamani usiipige msasa mkavu, inaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto, lowesha kwanza na uvae maski. Na kabla hujagusa chochote pitia Mamlaka ya Mji Mkongwe wakupe kibali.