Mbwa ana ratiba ya dawa ukutani, mkweo je?

*Shangazi, shikamoo. Ninaishi Ilazo, Dodoma, pamoja na mume wangu, ambaye ni mtumishi wa serikali, na mtoto wetu wa miaka minne. Mwezi wa tano dada mmoja anayeokoa mbwa waliotelekezwa aliniomba nimlee mmoja kwa miezi miwili, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Ni jike, haoni kabisa, ana ukurutu na hupatwa na degedege. Nimemwita Neema. Sijahamisha kiti hata kimoja sebuleni ili asijigonge, na penye ngazi nimemtandikia mkeka wa zamani uliokuwa chumbani kwa mama mkwe, ili ahisi kwa miguu kwamba amefika. Sindano ya ukurutu nilinunua duka la pembejeo, na gharama zote nimelipa mwenyewe kwa fedha ya kikoba tuliyopanga kununulia tangi la maji. Watu mtandaoni wananiita malaika, lakini mume wangu anamwonea wivu mbwa. Juzi alisema: "Mbwa ana ratiba ya dawa ukutani, mama yangu anapapasa dawa zake mwenyewe." Mama yake alikuja kutoka Kondoa kutibiwa macho, akaondoka bila hata kuaga vizuri, na tangu hapo mume anarudi usiku. Mtoto naye ana vipele mikononi, nadhani ni joto. Je, niendelee kuishi na mwanamume asiye na huruma?*
*Mwenye Huruma, Ilazo*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu, maana kumwuguza mnyama mwenye degedege si mchezo, na aliyewahi kumwona mbwa akikakamaa na kutokwa na povu hawezi kukubeza. Pole yangu inaishia hapo.

Nimeisoma barua yako nikimtafuta huyo mwanamume asiye na huruma, nami sikumwona. Nilichokiona ni mwanamume aliyeletewa mbwa mgonjwa bila kuulizwa, akaambiwa ni miezi miwili, miezi miwili ikapita na mbwa akapewa jina. Hujaandika popote kwamba alimpiga teke, alimfungia nje au alikukataza kumpeleka kwa daktari, na kwa jinsi ulivyokuwa na ari ya kumshtaki, kama angefanya lolote kati ya hayo ungeliandika kwenye mstari wa kwanza. Kosa lake pekee ulilolinukuu ni yale maneno ya ratiba ukutani. Wewe umeyaleta kwangu kuwa ushahidi wa wivu wake. Mimi nimeyasoma na kuona kwamba mtoto wa watu alikuwa anamlilia mama yake.

Sasa tuuzungumze huo mkeka. Umeuita mkeka wa zamani uliokuwa chumbani kwa mama mkwe, ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya mdai wake. Mwanangu, mama mtu mzima wa Kondoa anapokuja mjini kutibiwa, akaweka mkeka mmoja chumbani kwake, huo ni mkeka gani kama si wa kuswalia? Umeuchukua, ukautandika penye ngazi, na mbwa mwenye ukurutu akaukanyaga asubuhi na jioni, kisha unashangaa kwamba mama wa watu aliondoka bila kuaga vizuri. Mimi nasema aliaga vizuri mno, kwa sababu hakutoa neno lolote la kukuaibisha mbele ya mwanawe.

Usiniambie kwamba dini yake ndiyo inayomfundisha ukatili. Mkweo bila shaka anaijua hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Huruma kwa mbwa ameifundishwa kabla wewe hujazaliwa. Lakini pia amefundishwa, kama walivyofundishwa wengi wa madhehebu ya Shafi hapa kwetu, kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Hebu fikiri: mama asiyeona vizuri, katika nyumba ya mgao wa maji, ambayo tangi lake limegeuka kuwa sindano za mbwa, ataosha sufuria mara saba kwa maji gani? Na atajuaje ni sufuria ipi iliyolambwa?

Hapo ndipo barua yako iliponiuma. Katika nyumba moja walikuwamo wawili wasioona vizuri. Mmoja alihifadhiwa asijigonge kwenye kiti, akatandikiwa chini ili miguu imwongoze, akaandikiwa saa za dawa. Mwingine, aliyemzaa mumeo, alipapasa. Wewe unajua vema namna ya kumtunza asiyeona. Umeifanya kazi hiyo kwa ustadi ambao daktari wa mifugo angeusifu, maana mbwa kipofu huishi vizuri kabisa pale ambapo vitu havihamishwihamishwi, bakuli lake lina mahali pamoja, na watu humsemesha kabla ya kumgusa asije akashtuka na kung'ata. Hukushindwa kwa kutokujua. Ulichagua wa kumpa. Mwenye macho haambiwi tazama, mwanangu, na wewe macho unayo.

Siku hizi ndoa nyingi zinaharibika kwa njia hii hii, na si kwa mbwa tu. Mtu analeta nyumbani jambo lake: leo mradi wa kuku, kesho mtoto wa ndugu, keshokutwa kikundi cha maombi kila Jumatano sebuleni. Jambo lenyewe ni jema, basi wema wake unakuwa fimbo ya kumpigia mwenzake, kwamba atakayeuliza maswali hana moyo. Zamani mke au mume alikuwa anaweka neno kwanza, wanalijadili usiku wakiwa peke yao, ndipo mgeni anapokelewa. Sasa picha inatangulia kwenye simu, sifa zinamiminika, na mwenye nyumba anapata habari sawa na watu wa Mwanza. Hao wanaokuita malaika hawabebi madumu ya maji kutoka kwa jirani siku ya mgao. Anayeyabeba, nadhani, ni huyo huyo anayerudi usiku.

Na hiyo fedha ya kikoba uliyosema umelipa mwenyewe, umeandika pia kwamba mlikuwa mmepanga wote kuinunulia tangi. Haiwezi kuwa yako wakati wa kulipa na yenu wakati wa kupanga.

Nikuambie machache kuhusu mbwa mwenyewe, kwa sababu yeye hana hatia, na pia kwa sababu kuna hatari ambazo hukuzigusa. Vipele vya mtoto si vya kudhani. Aina moja ya ukurutu wa mbwa humpata mtu anayemkumbatia, ikaleta mwasho mikononi na tumboni. Mpeleke mtoto hospitali na useme wazi kwamba nyumbani kuna mbwa mgonjwa. Sindano ya duka la pembejeo acha mara moja. Dawa nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa kipimo cha ng'ombe, na dozi ikimzidi mbwa huleta mtetemeko, degedege na hata upofu, kwa hiyo daktari wa mifugo anapaswa kuambiwa kila ulichomchoma na lini. Akimwandikia dawa ya degedege, isikatwe ghafla, maana kuikata ghafla huweza kuleta degedege kali kuliko ile ya kwanza. Mwombe pia aangalie magonjwa ya kupe, ambayo mengine hushambulia damu na macho.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hukuitaja kabisa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu hauna tiba, na una mtoto wa miaka minne anayecheza na mbwa asiyeona. Aking'atwa au akikwaruzwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama kidonda ni kidogo.

Umeuliza kama uendelee kuishi na mumeo. Ndiyo, kama yeye bado anataka kuishi na wewe, na hilo mimi siwezi kukuahidi. Anza kwa kununua mkeka mpya, mzuri, si wa bei ya kutupa. Mwambie mumeo mapema kwamba unataka kwenda Kondoa naye, na mkifika usimtaje mbwa. Mwombe mama msamaha kwa ajili ya mkeka na kwa ajili ya dawa zake, umsikilize hata akikaa kimya. Kama atakubali kurudi amalizie matibabu, wewe ndiye utakayemtia dawa ya macho kwa saa zake, na sahani ya mbwa haitaingia tena jikoni.

Ndipo mumwite yule dada aliyekukabidhi mbwa, wewe na mumeo mkiwa pamoja, mumwambie kwamba miezi miwili ilikwisha zamani. Mumeo ndiye atakayeulizwa kama mbwa atasubiri bandani, nje, mpaka mwenye kumchukua apatikane. Akisema hapana, ni hapana, wala usilie mbele yake ili abadilike. Kumtelekeza barabarani au kumpa mtu wa kumwua kwa rungu, hilo halimo katika mazungumzo; Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na mumeo ni mtumishi wa serikali. Mbwa atakapoondoka, ile ratiba ya ukutani ibandue uende nayo, umkabidhi mlezi mpya pamoja na dawa, maana yeye hatajua saa ya dozi ya jioni.