Ukitaka kufunga hangibodi nyumbani, tafuta lenta kwanza

Vijana wanaoanza kupanda mawe huku kwetu Mwanza wananiuliza sana hili swali, kaka nimeshachonga hangibodi yangu, yaani ubao wa kuning'inia kwa vidole, nimeupiga msasa mpaka unateleza vizuri, sasa naufunga wapi? Na mara nyingi anayeuliza ameshaongea na fundi na fundi kamwambia weka fisha (vile vijiplastiki vya kushikia skrubu ukutani) na skrubu ndefu itashika tu. Hiyo "itashika tu" mimi inanitisha, kwa sababu fundi anafikiria pazia au kabati la vyombo, hafikirii mtu mzima anayeruka na kudaka kwa vidole vinne.

Kwa hiyo naandika hapa nilivyofanya kwangu na kwa washkaji niliowasaidia. Kwa nyumba zetu za tofali za saruji jibu ni lenta. Ule mkanda wa zege unaozunguka nyumba juu ya milango na madirisha, ndani una nondo, mara nyingi nne za milimita 12 zimefungwa na ringi. Ukuta wa tofali huwezi kuuamini hivihivi, tofali moja imepata saruji ya kutosha na ya pembeni yake ni mchanga mtupu na ukishapiga plasta zote zinafanana. Lenta angalau ilimwagwa kwa pamoja, ina kokoto, ina chuma.

Kuipata sio kazi. Angalia fremu ya mlango, kwa ramani nyingi lenta inaanzia palepale juu ya fremu, kwenye mita 2.1 hivi, na ina kimo cha sentimita 15 mpaka 20. Ukitoboa tundu dogo la kupima utajua mwenyewe, kwenye tofali keekee inazama haraka na linatoka vumbi la mchanga mchanga, kwenye zege drili inalia, inaenda taratibu na vumbi ni laini la kijivu. Kama ni nyumba ya matofali ya kuchoma au ya udongo na haina lenta kabisa, acha ukuta upumzike, nenda kwenye fremu ya kusimama yenyewe ambayo nitaigusia chini.

Uzuri mwingine wa lenta ni urefu wake. Ukining'inia hapo miguu iko karibu na sakafu, ukichoka unashuka tu.

Sasa hapa ndo pa kuelewa vizuri. Watu wanadhani uzito unavuta chini tu. Hapana, ubao umetokeza nje ya ukuta, kwa hiyo unapoushika unataka kupinduka, bolti za juu zinavutwa kutoka ukutani na ukingo wa chini unasukuma ukuta. Tuseme una kilo 70 na sehemu unayoshika iko sentimita 8 kutoka ukutani. Kama bolti ziko sentimita 10 tu juu ya ukingo wa chini, zinavutwa nje kwa nguvu ya kama kilo 56. Kama nyuma ya hangibodi umeweka plaiwudi ndefu inayoshuka sentimita 40 chini ya bolti, zinavutwa kwa kilo 14 tu. Mtu yuleyule, ubao uleule! Ndo maana mimi sifungi hangibodi moja kwa moja ukutani hata siku moja, natanguliza plaiwudi ya milimita 18 au mbao nene za mbili kwa sita, juu inakamatwa na lenta, chini inaegemea ukuta wa tofali, halafu hangibodi inakaa juu ya hiyo mbao kwa skrubu za mbao nyingi.

Na hizo hesabu ni za mtu aliyetulia. Ukianza mazoezi ya kuruka kwa mikono kutoka ngazi moja kwenda nyingine, kama yale ya ubao aliobuni Mjerumani Wolfgang Güllich mwaka 1988 kule Nuremberg, ule mshtuko wa kudaka unaweza kupita mara mbili ya uzito wako kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo ukipiga hesabu yoyote ya uimara, zidisha. Mimi nataka kitu kinachoweza kubeba watu wanne hata kama napanda peke yangu, na hasa kama nyumba ina watoto, maana watabembea hapo wote kwa pamoja ukiwa kazini.

Kwenye bolti, tumia rolbolti, yaani bolti za chuma zinazotanuka ndani ya tundu ukizikaza, za milimita 10 au 12, sio fisha za plastiki. Nne zinatosha kwa ubao wa kawaida, mimi naweka sita. Zipige kwenye mstari wa katikati ya kimo cha lenta, kwanza kwa sababu nondo kubwa ziko juu na chini kwa hiyo katikati unazikwepa, pili kwa sababu bolti ya kutanuka inasukuma zege pembeni na ukiisogeza ukingoni inapasua. Ziachane sentimita 15 au zaidi. Tundu liingie sentimita 8 ndani ya zege lenyewe, plasta usiihesabu, plasta haibebi kitu. Ukigonga chuma usilazimishe, ni ringi hiyo, sogea pembeni kidogo. Halafu safisha vumbi lote ndani ya tundu, pampu ya baiskeli inafaa sana, kwa sababu bolti ikikaa kwenye vumbi inateleza hata kama kwa nje unaona imekaza. Weka washa pana, kaza.

Kabla ya yote hayo zima mein switchi. Bomba za waya mara nyingi zinashuka wima kutoka darini mpaka kwenye swichi na soketi, kwa hiyo juu ya swichi usitoboe kabisa.

Kuna mtu atasema mbona nisining'inize kwenye dari. Jamani dari hapana. Jipsamu na silingi bodi vimeshikiliwa na vimbao vya mbili kwa mbili vya kujibeba vyenyewe tu. Kenchi za juu nazo zimepigwa misumari kwa ajili ya bati na upepo, sio kwa mtu anayedunda katikati. Kama una ghorofa na slabu ya zege hapo sawa, ila kumbuka ringi za mazoezi (zile pete za kuning'inia kwa mikono) zikifungwa kwenye slabu zinavuta bolti chini moja kwa moja, hakuna plaiwudi ya kukusaidia, kwa hiyo hapo lete fundi anayejua zege na ununue bolti za uhakika. Fremu ya mlango pia sio nguzo ya nyumba, wala grili ya dirisha.

Kama lenta iko sehemu mbaya na umebaki na ukuta wa tofali tu, toboa ukuta mpaka upande wa pili, pitisha bolti ndefu na kule nyuma weka bamba la chuma pana na nati. Sio pazuri kwa macho ila hapo ukuta mzima ndo unabeba.

Ukimaliza usiruke juu siku hiyohiyo. Chora mstari wa penseli kuzunguka plaiwudi yote, kisha ning'iniza madumu ya maji ya lita 20, anza na mawili ongeza mpaka upite mara mbili ya uzito wako, acha usiku mzima. Asubuhi angalia mstari. Ukiona mbao imeachana na penseli hata kidogo, au plasta ina ufa mpya kuzunguka bolti, shusha kila kitu. Ule mstari usiufute, mimi nauangalia kila ninapoanza mazoezi. Na gonga mbao kwa kidole mara mojamoja, mchwa wa huku wanakula kimyakimya kutoka nyuma, kwa hiyo nunua mbao zilizotiwa dawa.

Kwa nyumba ya kupanga, ongea na mwenye nyumba kwanza, na akikataa usitoboe kwa siri. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya skwea paipu ya inchi 2, miguu yenye umbo la A, chini iwe na upana wa mita moja na nusu angalau kila upande, na viungo vya juu vifungwe kwa bolti ili uweze kuibomoa ukihama. Isukume kwa nguvu kutoka pande zote kabla hujaparamia, na ikitikisika mrudishie fundi aongeze mbavu za mshazari kwenye kona.