Bahari na miamba kwa pamoja?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimepata chuo Miami, Marekani, kusoma sayansi ya bahari. Nimeshauriwa niunganishe na jiolojia, yaani elimu ya miamba. Kaka anasema najibebesha mzigo bure. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Unganisha. Kaka yako anadhani mawe ni ya wachimba dhahabu wa Geita tu! Maji yakipwa, shuka ufukweni ukatazame jiwe la matumbawe kwa karibu: utaona vijitundu vyenye umbo la nyota, makao ya wanyama wadogo wa baharini waliokuwa hai. Huko Florida, jimbo lenye mji wa Miami, kisiwa cha Key Largo ni mwamba wa namna hiyohiyo, wa miaka kama 125,000, enzi bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Anayejua samaki peke yake hawezi kukusomea habari hiyo. Na gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, haikupatikana kwa kuhesabu samaki aina ya changu.

Hesabu, fizikia na kemia zinatumika pande zote mbili, kwa hiyo mzigo si maradufu. Kinachobana ni safari za nyanjani za jiolojia, mara nyingi wakati wa likizo. Uliza mapema nani anazilipia, kabla hujakata tiketi ya kuja nyumbani.