Soksi za kubandua ngozi ya miguu: siku ya 3 na bado sioni kitu

Shoga, umeuliza kama zile soksi za plastiki zenye dawa ya kubandua ngozi ya miguu zinafanya kazi kweli, maana leo siku ya 3 na visigino viko vilevile. Tulia kwanza. Ngozi huanza kutoka kati ya siku ya 3 na ya 7. Yangu ilianza siku ya 5, nikiwa nimeshailaani hela yangu.

Mle ndani mna asidi, mara nyingi ya glaikoliki au ya laktiki, inayolegeza kile kinachoshikanisha seli zilizokufa. Kazi yake ni ya taratibu. Mimi nilivaa kwa muda wa saa 1, nikaosha, nikasahau. Kisha ngozi ikaanza kuinuka karibu na vidole, nyembamba kama ganda la kitunguu, na visigino vikaachia mapande. Shuka lilijaa! Karibu wiki nzima sikuvaa ndala mbele za watu, kwa hiyo kama una harusi karibu, pole.

Loweka miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika 15 kila jioni, itaharakisha. Usivute kipande ambacho bado kimeshika. Mimi nilivuta kimoja nikachechemea siku 2.

Ila kama una magaga yaliyopasuka hadi kutoa damu, hiki kitu kitakuwasha kama ndimu kwenye kidonda. Na mwenye kisukari asikiguse bila kumuuliza daktari.