Maswali ya Wasomaji: Olinwani au Sanduku na Kioo Mbalimbali?

Habari za kazi. Nafungua steshenari karibu na chuo hapa Morogoro: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti na kuwajazia watu fomu mtandaoni. Muuzaji ananishawishi nichukue olinwani (all-in-one) iliyotumika, ile ambayo mashine imo ndani ya kioo. Anasema prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, ni i5 sawa tu na ya sanduku, ila haina waya nyingi. Fundi wangu anakataa, anataka nichukue sanduku na kioo mbalimbali. Nimsikilize nani?
*Mwenye steshenari, Morogoro*

Dada, msikilize fundi. Kwenye steshenari, kompyuta ikilala siku moja ni kipato cha siku nzima kimekwenda, na hapo ndipo olinwani inapoumiza. Kioo cha sanduku kikifa, unaazima kingine kwa jirani au unachomeka runinga, kazi inaendelea. Kioo cha olinwani kikipata ufa, mashine nzima inakwenda kwa fundi pamoja na mafaili ya wateja wako. Tena kioo chenyewe lazima kilingane na modeli hiyo, maana matundu ya skrubu na plagi ya waya wa picha hutofautiana. Kwa mashine ya zamani, mara nyingi kipuri hicho hung'olewa kwenye olinwani nyingine iliyokufa.

Kuhusu hiyo "i5 sawa tu", mwambie muuzaji awashe mashine mbele yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye Performance, usome jina kamili la prosesa. Olinwani nyingi hutumia prosesa za laptop, zenye herufi U mwishoni. Chukua i5-8250U na i5-8500. Zote ni za kizazi cha 8, lakini ya kwanza ina koa 4 (sehemu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) na imeundwa kwa wati 15. Ya pili ina koa 6 na wati 65. Siku umefungua PDF ya kurasa mia mbili, skana inafanya kazi na kivinjari kina fomu za wateja watano, tofauti utaiona. Zipo olinwani za ofisini zenye prosesa za mezani, kwa hiyo usihukumu kwa umbo wala kwa stika. Soma jina.

Kizazi unakijua kwa tarakimu zinazofuata kistari: 8500 ni cha 8, 10500 ni cha 10. Usishuke chini ya 8. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8 tu, pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama ya kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc, uone kama toleo ni 2.0. Ikisema haipo, muuzaji aiwashe kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka; kwenye mashine za Intel mara nyingi inaitwa PTT. Dell OptiPlex 3060 na 7060, HP EliteDesk 800 G4 na Lenovo ThinkCentre M720 zote ni za rika hilo. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi zilizofunguliwa, isipungue GB 8, na diski iwe SSD, ile isiyozunguka.

Sanduku nalo lina mitego yake. Mengi ya yaliyotoka maofisini hayana Wi-Fi, hayana kamera wala maikrofoni, vitu ambavyo olinwani huja navyo. Wi-Fi utaongeza kwa kijiti cha USB. Mengine yana tundu la picha la DisplayPort tu na kioo chako kina HDMI. Nunua waya unaotoka DisplayPort kwenda HDMI, na uangalie uelekeo wake, kwa sababu ukiugeuza hautoi picha. Na usidhani kila kipande kinabadilishika popote: pawasaplai (kigawa umeme cha ndani) ya OptiPlex za rika hilo haina ile plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo ikiungua, ya dukani ya kawaida haiingii bila adapta. Muulize fundi kabla kama anayo ya akiba.

Tenga pia hela ya UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Ya VA 650 inabeba sanduku na kioo cha inchi 22 bila shida, na betri ikiwa nzima unapata muda wa kuhifadhi kazi na kuzima taratibu. Printa ya leza usiichomeke kwenye soketi za betri za UPS. Inapopasha joto ile sehemu ya kuyeyushia wino wa unga huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS inazidiwa na kuzima kila kitu, kompyuta ikiwemo. Ipe soketi yake ukutani.

Kama meza ni finyu kweli, ipo njia ya kati: OptiPlex Micro, EliteDesk Mini au ThinkCentre Tiny. Ni kiboksi kinachofungwa nyuma ya kioo kwa kibano cha VESA, kinachoingia kwenye matundu manne ya nyuma ya kioo. Unapata usafi wa olinwani, na kioo bado ni kitu cha kuchomoa.

Mimi tayari ninayo olinwani, ina RAM GB 4 na diski ya TB 1. Inachukua dakika kadhaa kuwaka. Niiuze?
*Msomaji, Tanga*

Bado. Anza na SSD. Diski ya kuzunguka ndiyo inayochelewesha kuwaka, na olinwani nyingi hutumia diski ya inchi 2.5, sawa na ya laptop. SSD ya SATA ya GB 480 inakaa palepale. Kisha ongeza RAM, lakini ya laptop, SO-DIMM. Ile ndefu ya sanduku haiingii. Soma kwanza kama ni DDR3 au DDR4, na kama kuna nafasi moja au mbili.

Kazi yenyewe ni kufungua. Zile zenye mfuniko wa nyuma ni rahisi. Zinazofunguliwa mbele hushikwa kwa klipu au gundi, na hapo ndipo vioo vingi huvunjwa, fundi anapochokonoa kwa bisibisi ya chuma. Atumie kadi ya plastiki, azunguke kidogo kidogo. Ikishafunguka, asafishe feni na abadilishe pesti ya kupitisha joto ya prosesa. Vumbi likiziba, mashine hujipunguzia kasi yenyewe kujikinga na joto.

Kama ni iMac ya inchi 24, ya mwaka 2021 na kuendelea, hakuna cha kuongeza ndani. RAM na hifadhi vimeunganishwa moja kwa moja, unabaki na ulichonunua.

Kioo cha olinwani yangu kimekuwa cheusi ila naisikia Windows ikiwaka. Ndiyo basi?
*Msomaji, Mombasa*

Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi kwa upande. Ukiona picha hafifu, taa za nyuma ya kioo au umeme wake ndio umekufa, na hilo hutengenezeka. Usipoona kitu, tafuta tundu la HDMI na uchomeke runinga, kisha bonyeza Windows na P hadi picha itokee. Lakini soma maandishi pembeni ya tundu: likiwa ni la kuingiza picha, yaani IN, halitoi chochote kwenye runinga. Tundu hilo lina kazi nyingine. Siku mashine ikifa na kioo kikabaki kizima, olinwani yenye HDMI IN unaweza kuitumia kama kioo cha kawaida cha sanduku.